Binti wa Boyle Heights: afungiwe ndani au aachwe atoke?

Boyle Heights ni mtaa wa mashariki ya Los Angeles, wengi pale ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na binti wao ndo anaitwa Chicana. Sasa ukikulia pale sheria ya nyumbani unaijua mapema, kaka ako anatoka anarudi saa anayotaka, wewe shule nyumbani, nyumbani kanisani, unalea wadogo zako na mama akienda ofisini unamfata ukamtafsirie kiingereza.

Mi siwalaumu wazazi harakaharaka. Miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 magenge yalikuwa yanapigana risasi kweli, kule kwenye nyumba za umma za Aliso Village na Pico Gardens watu wamezika watoto. Mama anarudi kachoka toka kiwanda cha kushona, giza limeingia, mtoto hayumo ndani, we ungefanyaje? Na kwa binti sio risasi tu, kuna mwanaume mtu mzima mwenye gari anamsubiri pale kona.

Ila kinachoniuma ni hiki, akifika 15 anafanyiwa quinceañera, misa, gauni kubwa, muziki, ukoo mzima unashuhudia kuwa amekua, halafu kesho yake mlango uleule. Yani mwari katolewa nje kachezwa, anarudishwa ndani tena!

Na mabinti waliotoka wamefanya makubwa. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari za mashariki ya Los Angeles kama Lincoln, Garfield na Roosevelt walitoka madarasani wakaandamana, manake shuleni walikuwa wanaadhibiwa kwa kuongea kihispania na wanasukumiwa kazi za mikono tu, na kati ya waliopanga ni binti wa Lincoln, Paula Crisostomo. Polisi waliwapiga baadhi yao, kwa hiyo hata siku ile hofu ya mzazi ilikuwa na msingi, sikatai.

Mi nasema atoke, ila atoke na mtu. Katikati ya miaka ya 80 jimbo la California lilitaka kujenga gereza jirani na mtaa, kina mama wakaungana wakajiita Mothers of East Los Angeles, wakawa wanaandamana na vitambaa vyeupe kichwani, na watoto wao pembeni, mpaka 1992 mpango ukafa. Binti aliyekuwa darasa la nne walipoanza, gereza linashindwa yuko sekondari, na barabara za mtaa wake anazijua zote, kazitembea kashikwa mkono na mama ake.