Hawajaweka Kitufe cha Hapana

Nauliza tu jamani, na naomba nijibiwe kiutu uzima. Hivi kompyuta ikikuletea kile kiboksi chake, "Kuna toleo jipya, tusasishe sasa hivi au baadaye?", kitufe cha "hapana, nashukuru, nimeridhika na nilichonacho" wamekificha wapi? Maana nimekitafuta, na miwani nimevaa. Kuna Sasa Hivi na kuna Baadaye, basi, na ukibonyeza Baadaye usidhani umekataa, umejipangia tu siku ya kuumbuka.

Mi siku yangu ilikuwa leo. Saa mbili na nusu asubuhi, kuna ofisi inataka proforma ya viti 200 na tenti mbili, iwe imewafikia kabla ya saa nne, ina saini, ina mhuri, la sivyo wanampa yule jamaa wa mtaa wa pili ambaye nusu ya viti vyake vina miguu mitatu. Nimefungua laptopu kistaarabu kabisa, chai pembeni, kola nimenyoosha utadhani wananiona. Kioo kikageuka bluu, vidoti vikaanza kuzunguka: "Tunashughulikia masasisho, 4%. Usizime kompyuta yako."

Nizime mimi? Mamlaka hayo nayatoa wapi? Laptopu yangu betri ilishafariki, inaishi kwa waya, waya unaishi kwa luku, na luku ilikuwa inalia ukutani tangu jana usiku na kila mpangaji anajifanya hasikii, anasubiri mwenzake aingiwe na huruma. Hilo la kuzima kamwambieni mwenye swichi.

Nikasema ninunue yuniti fasta kwa simu. Nafungua aplikesheni ya pesa, "Toleo lako limepitwa na wakati, pakua jipya ili uendelee." Bando la kupakulia limeisha, na bando huwa nanunulia humo humo. Nikarudi kwenye nyota-nyota-reli ya wazee, ambayo tangu nimeijua haijawahi kuniomba kitu zaidi ya namba ya siri, Mungu aitunze. Naingia ndani na tokeni yangu nakuta giza, laptopu imezimika ikiwa 11%, na mke wangu ananiangalia vile anavyoniangaliaga. King'amuzi nacho wiki iliyopita kiliamua kujisasisha dakika ya themanini ya mechi ya watani wa jadi, na hilo hata sitaki tuliongelee.

Nikachomoa flashi droo, proforma ya zamani imo, ni kubadilisha tarehe na idadi tu, nikatia mhuri mfukoni, mbio steshenari pale jirani na kituo.

Sasa sikia. Steshenari ina kompyuta moja, printa moja ambayo ndo hiyo hiyo fotokopi, na dada mmoja anakula kitumbua. Kuna mzee ana bahasha ya kaki, kuna mama kaleta mtoto wa darasa la kwanza apigwe pasipoti saizi, mtoto kapakwa mafuta anang'aa na kakatazwa kucheka tangu nyumbani, kuna mwanafunzi wa chuo na ripoti ya fildi, mwisho wa kukusanya ni leo, hawa ripoti zao huwa mwisho leo sijui kwa nini, na kuna kijana wa kofia ambaye mpaka naondoka sikujua alifuata nini ila alikuwa anajua kila kitu. Wote wamekodolea macho kioo. Bluu. Vidoti. 30%.

"Shikamoo baba, subiri kidogo, mashine inajiapdeti."

"Marahaba. Imeanza saa ngapi?"

"Nimeikuta hivyo hivyo."

Kaikuta! Duka kafungua yeye, kufuli kavua yeye, swichi kawasha yeye, ila tatizo kalikuta. Nikavuta kiti.

Mzee akauliza, "Binti, hiyo thelathini ni thelathini ya nini?" Akaambiwa asilimia. "Ya ngapi?" Ya mia. Akapiga hesabu kwa vidole, akasema kwa hiyo bado sabini, akanigeukia mimi mgeni. "Mimi nilikuja ikiwa ishirini na nane," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo bendera ya Uhuru inapandishwa.

Ikaenda 31. Mwanafunzi akaruka, "Twende!" Mtoto akacheka, mama akamfinya, "We! Sura hiyo unaimalizia hapa, picha tutapiga na nini?"

Alafu ikakaa. Ikakaaa. Kijana wa kofia akasema dawa yake rahisi, chomoa waya hesabu mpaka kumi chomeka, hizi mashine zinataka ubabe. Mwanafunzi akaja juu, ukichomoa katikati inakufa jumla, mjomba wake alichomoa na mpaka leo mashine inatumika kuinulia TV. Mama akasema ichomoeni tu mtoto awahi shule. Dada na kitumbua chake wala hayumo.

Mzee akakohoa, akasema hatuwezi kuendesha jambo hivi kihuni, tukae kikao. Na kweli tukakaa, mtu mzima mimi na mhuri mfukoni. Yeye akawa mwenyekiti kwa sababu ndo alikuwa kwenye kiti chenye mgongo, mimi nikapewa ukatibu kwa sababu ya kalamu. Ajenda moja, kuchomoa ama kutochomoa. Kofia na mama wachomoe, mwanafunzi isichomolewe, mimi nikasema katibu hapigi kura maana sitaki lawama, mtoto alinyoosha mikono yote miwili akafutiwa. Mwenyekiti akatangaza walio wengi wameshinda, anayetaka kuchomoa asogee. Hapo ndo dada akameza, akafuta vidole, akasema taratibu, "Mashine ni ya bosi. Atakayechomoa aniachie kitambulisho cha taifa hapa mezani na namba ya simu ya mkewe."

Kikao chote kikaangalia viatu. Kofia akasema yeye alikuwa anatoa ushauri tu.

Basi mwanafunzi akaona kapata darasa, akaanza. Ati wakubwa wa hizi programu, Microsoft wenye Windows, wana siku yao, Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulianza 2003, wanaachia mzigo saa nne asubuhi ya kwao, Marekani upande wa magharibi. Mzee akauliza kwetu inakuwa saa ngapi. Saa mbili usiku, msimu mwingine saa tatu. "Taarifa ya habari!" mzee akapiga goti lake. Yaani mtu kule kashiba chai, kabonyeza kitufe, kaendelea na maisha yake, huku sisi tunaamka Jumatano tunaulizana nani kaloga mashine. Tukageuka wote kutazama kalenda ya ukutani kama leo ni Jumatano ya wiki hiyo, ila ilikuwa ya mwaka juzi, ya duka la mbao.

Nikamuuliza mwanafunzi, sasa lazima? Akasema anko, ni usalama. Mei 2017 kilitoka kirusi cha kompyuta kinaitwa WannaCry, kinafunga mafaili yako alafu kinadai hela ndo kikufungulie, Uingereza hospitali zikarudisha wagonjwa nyumbani, na kiraka, yaani sasisho, cha kukizuia kilikuwa kimeshatoka Machi, watu walikuwa wamebonyeza Baadaye. Nikanywea kidogo, nakiri. Ila kabla sijanywea vizuri kofia akadakia, "Mbona 2024 waliosasisha ndo walioumia?" Na kweli! Julai 19, kampuni inaitwa CrowdStrike, ya usalama hiyo hiyo, ilituma sasisho lina kasoro, kompyuta milioni 8.5 hivi duniani zikaganda, viwanja vya ndege watu wamelala juu ya mabegi. Kwa hiyo ukichelewa unapigwa, ukiwahi unapigwa, na mwanafunzi hapo hakuwa na jibu, akaanza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Wenzetu huwa hawanyamazi lakini. Kuna mama mwenye ofisi ya wakala wa safari kule California, kompyuta yake ya kazini ilijipandisha yenyewe kwenda Windows 10 ikawa haieleweki, akaenda mahakamani, 2016 akalipwa dola 10,000. Mwanafunzi alivyolisema hilo steshenari nzima ilibadilika hali ya hewa. Kofia akapiga hesabu kwenye simu, milioni 25 hivi za kwetu. Ghafla hakuna mwenye haraka! Mzee akasema yeye amepotezewa muda tangu ishirini na nane, hivyo fungu lake liwe tofauti. Mama akauliza mtoto naye anahesabika ama ni mpaka afikishe kumi na nane. Dada akasimama, "Samahani, mnamshitaki nani? Maana kwenye kiti hiki nipo mimi." Ikabidi tuangalie mashine ni ya kampuni gani, tukakuta ina stika za kampuni tatu, na ya nne ni ya mafuta ya nywele. Kesi ikaishia hapo.

Na katikati ya hayo, hakuna aliyekuwa anaangalia, ikapiga 100%.

Tulishangilia jamani. Mwanafunzi kakumbatiana na kofia, mtoto karuhusiwa kucheka mara moja. Kioo kikazima, kikawaka, kikaandika: "Tunakaribia kumaliza. Tunakuandalia mambo mazuri. 1%."

Kimya. Mzee akaitazama ile moja kwa muda mrefu, alafu akauliza kwa upole kabisa, "Binti, ile mia ya kwanza ilikuwa ya nini?"

Mi hapo ndo uungwana uliniisha. Sikilizeni, kusubiri siyo tatizo, sisi kusubiri tumezaliwa nako, daladala tunasubiri, maji tunasubiri, mshahara ndo usiseme. Kinachoniuma ni lugha. Mambo mazuri gani unaniandalia, nani alikwambia ya kwangu mabaya? Mashine ilikuwa inawaka, inaandika, inaprinti, mimi na yeye tulikuwa na amani! Na hayo mazuri yenyewe nimeshayaona kwa jirani yangu, kasubiri nusu siku, ilivyowaka akakuta kitufe kilichokuwa kushoto kimehamia katikati. Basi. Ndo kilichokuwa kinaandaliwa. Mtu mzima anakaa anatafuta pa kuzimia kompyuta, anaishia kuizima kwa kuichomoa, alafu wanamlaumu kachomoa.

Saa nne kasoro ishirini dada akanihurumia, akainama chini ya shelfu kule kwenye mabahasha yenye vumbi, akatoa kitabu cha proforma cha kuandika kwa mkono na karatasi ya kaboni. Akanipiga bei ya dharura, nikalipa bila neno. Nikaandika viti 200, tenti mbili, mzee ananisomea namba asije katibu akakosea, nikagonga mhuri, mpaka kwenye nakala, nikapanda boda. Pale ofisini kaipokea mlinzi, kaiweka chini ya redio. Mwanafunzi nilimwacha pale ikiwa 6%.

Sasa nisije nikaonekana napinga maendeleo. Mbona lile sasisho la luku la 2024 nililielewa? Tuliambiwa mapema na sababu tukapewa. Mita hizi za kulipia kabla, nyingi duniani, zilikuwa zinahesabu dakika tangu Januari Mosi 1993, na sehemu ya kuandikia hizo dakika ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024, baada ya hapo tokeni mpya hazikubaliki, kwa hiyo kila mita iwekewe namba zake. Sawa, hapo unamwelewa mtu, kitu kimejaa kinamwagwa kinaanza upya. Ila namba zenyewe! Mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini, sitini nzima, unabonyeza kwenye vile vitufe vilivyofutika ambapo saba na nne zote zimebaki vivuli. Pale kwetu ilifanyika usiku, mimi kwenye ngazi, mke wangu anasoma chini na tochi ya simu, wapangaji wote uani wanatoa maelekezo, yule wa chumba cha mwisho kila nikifika katikati anauliza "umefika ngapi?" mpaka ikabidi nianze fungu upya.

Na huyo wa chumba cha mwisho ndo namtafuta. Maana tokeni ya leo asubuhi nimenunua mimi, ya Jumapili nilinunua mimi, na yeye ana friji. Sisi wengine tuna taa na feni, yeye ana friji, na mchango ukipita analipa sawa na mimi kwa hoja kwamba friji usiku inalala haili umeme. Inalala! Alafu hiyo friji iliyolala inagandisha aiskrimu za ubuyu anazowauzia watoto wangu mia mia, asubuhi wanapanga foleni mlangoni kwake na hela yangu, kununua umeme wangu uliogandishwa. Jana nilimwambia bwana tuongee hilo suala la friji. Akaniambia sawa jirani, baadaye.