Kicheko cha Kongowea

Jumamosi nilikuwa soko la Kongowea, hapa Mombasa, nikingoja kupimiwa viazi. Muuzaji, mama wa Kimeru wa makamo, alimwambia mteja mmoja, "Hii viazi imetoka shamba jana." Kijana aliyesimama kando yangu akaangua kicheko, kisha akamwigiza kwa sauti ili wenzake nao wasikie. Mama yule akanyamaza. Akapima, akapokea pesa, hakuongeza neno. Nami nilinyamaza, jambo linaloniuma mpaka sasa.

Hebu tazama waliokuwa pale. Hamali wa gunia alikuwa Mgiriama, mwenye mkokoteni Mkamba, muuzaji Mmeru, na mimi mnunuzi nimezaliwa na kulelewa katika Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Bila Kiswahili tusingeuziana hata kiazi kimoja. Mama yule amejifunza lugha ya watu ukubwani na analisha wanawe kwayo. Sisi tuliomzunguka, ni nani aliyejua neno moja la Kimeru?

Tena sisi Wamvita tunajua uchungu wa kuchekwa. Nilipokuwa mdogo niliandika "ndia" na "mato" kwenye insha, kama bibi alivyosema nyumbani, na mwalimu akayapiga wino mwekundu yote: andika njia, andika macho. Nilirudi nyumbani nikimwona bibi hajui Kiswahili! Bibi aliyekuwa na mashairi ya Muyaka, malenga wa kale wa Mombasa, kichwani, bila kitabu.

Ule wino ulikuwa na asili yake. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na usanifishaji. Vitabu vya kusomwa nchi kadhaa vilihitaji mwandiko mmoja. Ugomvi wangu ni mtoto kuambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwao ni kosa. Mwalimu angeweza kusema "hivi ndivyo tuandikavyo kwenye mtihani," basi, yakaisha.

Mwaka huohuo wa 1928, mwezi wa Oktoba, vijana wa Indonesia waliapa kuienzi lugha moja ya umoja. Hawakuchukua Kijava, ingawa Wajava ndio waliokuwa wengi kuliko wote. Walichukua lugha iliyotokana na Kimalei, lugha mama ya wachache. Nikiwafikiria wale Wajava, namkumbuka mama wa Kongowea. Waswahili wa asili ni wachache, lakini Wameru, Wajaluo, Wakamba na wengine wengi wamekubali kutumia lugha yetu, wakaitia kinywani mwao pamoja na lafudhi zao. Hiyo ni heshima kubwa tuliyofanyiwa. Tunailipaje kwa kicheko? "Hii viazi" ilieleweka, na mteja alinunua kilo mbili.

Jumamosi ijayo nitarudi kwenye meza ile. Nitamsalimu, nimwombe radhi kwa kukaa kimya, halafu nimwulize kwao viazi huitwaje. Nikikosea kulitamka, anirekebishe.