Nahodha Ana Saa 24, Jahazi Lake Je?

Kila yanapotajwa magendo ya sukari yanayovushwa kutoka Kismayu, bandari ya Somalia, hufuata pendekezo lile lile: sheria ikazwe, washukiwa washikiliwe muda mrefu zaidi, vyombo vitaifishwe. Kwa Lamu, huku pwani ya Kenya, si pendekezo la kubezwa. Kati ya Kiunga na Kizingitini kuna visiwa na vijito vya mikoko tele, na maafisa wakifika alfajiri mzigo umeshashushwa. Wanachokipata ni nahodha na chombo. Mwenye mali hayumo. Wakikiachia chombo leo, kesho kimerudi kazini. Na mwenye duka wa Langoni, mjini Lamu, aliyelipa ushuru wake wote hawezi kushindana na sukari ambayo haikulipiwa wala kupimwa na mtu.

Hoja ya kumshikilia mtu zaidi naiona nyepesi. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikiishia nje ya saa za mahakama, siku ya kazi inayofuata. Hakimu akipewa sababu nzito anaweza kuamuru aendelee kuzuiliwa. Ni kweli Kiunga ni mbali, lakini dawa ya umbali ni boti na mafuta.

Uzito uko kwenye chombo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 211, inaruhusu kutaifishwa kwa chombo kilichobeba magendo ikiwa usajili wake haufiki tani 250. Meli iliyofika hapo haitaifishwi. Huzuiwa, ikatozwa faini, ikaenda zake. Mantiki ipo: meli kubwa hubeba mizigo ya watu chungu nzima, haifai ipotee kwa kosa la mmoja. Ila majahazi ya Lamu yako chini ya mstari huo, na mara nyingi mwenye jahazi amelikodisha tu, hata safarini hayumo.

Halafu kuna kusubiri. Jahazi likikaa mchangani kesi ikiahirishwa, jua hukausha mbao, kalafati inayoziba mianya ya mbao hutoka, maungo huachana. Mwenyewe akishinda anarudishiwa kuni. Kifungu cha 219 kinamruhusu Kamishna wa forodha kumaliza shauri nje ya mahakama mkosaji akikiri kwa maandishi, na kweli kinaokoa muda. Lakini kinamfaa mwenye pesa mkononi, na asiye na hatia naye hushawishika kukiri ili aokoe chombo.

Mimi ningeacha adhabu ya magendo kama ilivyo, nikaweka tarehe: chombo kithaminiwe haraka na kirudishwe kwa dhamana mpaka hukumu. Maafisa watasema chombo cha dhamana kitatorokea Somalia usiku huo huo, na baadhi vitatoroka. Ndiyo maana dhamana iwe ya thamani ya chombo kizima.

Tatizo ni kwamba sheria hii haibadilishwi Nairobi. Ni ya jumuiya, na hupita katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha. Wa kuulizwa juu ya zile tani 250 ni wajumbe tisa wa Kenya walioko huko, ambao kwenye mikutano ya kampeni huku kwetu hatajwi hata mmoja.