Kumsoma Abdilatif Abdalla ukiwa London na ukiwa Mombasa

Tunaotafiti ushairi wa Kiswahili na siasa kali tukiwa Uingereza tuna bahati ya karatasi. Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza pale Kew, London, kuna majalada ya FCO 31, ya wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, yanayohusu Afrika Mashariki kuanzia 1967, wakati ule KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga nchini Kenya, kilipobanwa hadi kikapigwa marufuku 1969. Unajiandikisha, unaagiza jalada, unaingia na penseli maana kalamu ya wino hairuhusiwi. Kupiga picha ni bure.

Tatizo ni kwamba vyuo vya huku vimezoea kuona mapinduzi pale umbo la shairi linapovunjwa. Kwa Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, kipimo hicho hakifai kabisa. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kuipinga serikali, “Kenya: Twendapi?”, akatunga kwa siri gerezani juu ya karatasi za chooni, na diwani yake Sauti ya Dhiki ikatoka 1973. Siasa yake ni ya moto, lakini arudhi ni ile ile aliyoitumia Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, kuutetea mji wake dhidi ya Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Shairi lenye vina hukaa kichwani, hutembea bila karatasi, na fumbo humkinga msemaji. “Mamba” ukilisoma juujuu ni habari za mnyama tu. Mombasa hili halihitaji nadharia.

Kwa hiyo majalada yasubiri. Anza na ubeti: hesabu mizani, yaani silabi, 8 kwa 8 katika kila mshororo, tia alama kina cha kati na cha mwisho, kisha usome kwa sauti mbele ya msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Wengi huku hawaihesabu n' inayosimama kama silabi, wanapata 7, wanamlaumu mpiga chapa. Wengine husanifisha: ukigeuza “niwate” kuwa “niache”, mizani hubaki tatu lakini kina cha -te kimekufa.

Kinachoniuma ni kwamba mwanafunzi wa Mombasa, mwenye sikio hilo tangu utotoni, anahitaji viza na nauli ili asome yaliyoandikwa juu ya nchi yake. Sisi tulio karibu na Kew tumpigie picha hizo kurasa. Kila picha iende na namba kamili ya jalada na ya waraka, la sivyo hataweza kuitaja kwenye tasnifu yake.