Zulia la Waturkmeni Msiliite Bukhara

Wiki iliyopita niliingia na shangazi yangu duka moja la mazulia hapa Maskati, kijana wa dukani akatutandazia zulia jekundu zito akasema, "Hili Bukhara, mama, la asili kabisa." Nikamuuliza, limefumwa na nani? "Bukhara," akarudia. Jamani nilikwazika, na mpaka leo halijanitoka.

Bukhara ni mji, tena uko Uzbekistan. Ulikuwa soko kubwa, Waturkmeni, watu wa Asia ya Kati waliokuwa wakihamahama, wanapeleka mazulia yao pale, wafanyabiashara wanayanunua na kuyauza mbali kwa jina la soko. Haya, jina limeshazoeleka kitambo, nakubali. Ila mfumaji kapotelea wapi hapo?

Maana kwa Waturkmeni zulia linasema limetoka kwa nani. Wateke, Wayomut, Waersari, Wasaryk, Wachowdur, Wasalor, kila kabila lilikuwa na guli lake, lile umbo linalojirudia safu kwa safu katikati ya zulia, na mjuzi akilitazama tu anakwambia hawa ni kina nani. Lile la dukani lilikuwa la Kiteke waziwazi: guli limegawanywa robo nne, rangi zinapishana kwa mshazari, na mistari myembamba ya giza inapita guli hadi guli kama njia za shambani. Wayomut wao wana guli moja wanaliita dyrnak, limekaa kama almasi, pembeni limejaa vikulabu. Ukishaonyeshwa mara moja huwezi tena kuyachanganya.

Na waliofuma ni wanawake, hapa ndo panaponiuma hasa. Kitanda cha kufumia walikilaza chini, wamekishika kwa vigingi, kabila likihama wanang'oa vigingi, wanakunja kazi ilipofikia, wanapakia kwenye ngamia, wakifika wanatandaza upya wanaendelea, fundo baada ya fundo, sufu ya kondoo wao wenyewe, wekundu wa mizizi ya mmea waliyoichemsha wao. Binti akikaribia kuolewa anafuma asmalyk, kitambaa cha pembe tano, viwili, kimoja kila ubavu wa ngamia atakayempeleka kwa mume. Hebu fikiria umefuma kitu cha harusi yako kwa vidole vyako, halafu kije kuuzwa kwa jina la mji usiokuwa wako!

Watu hawa walishanyang'anywa mengi. Januari 1881 jeshi la Urusi chini ya Jenerali Skobelev liliivunja ngome ya Wateke pale Geok Tepe, maelfu wakauawa, wanawake na watoto wakiwemo. Mwaka 1886 reli ikafika Merv, mji wa kale wa nchi yao, na rangi za kiwandani zikaingia kwenye sufu. Baadaye wakaja Wasovieti na mashamba ya pamoja, kuhamahama kukaminywa. Mafundo hayakukatika, bibi akamfundisha mama, mama akamfundisha binti.

Wenyewe wanajua thamani yake. Bendera ya Turkmenistan ya mwaka 1992 ina maguli matano yamepangwa wima upande wa mlingoti, na mwaka 2019 UNESCO ikaingiza ufumaji huo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nchi imeweka zulia kwenye bendera na sisi bado tunasema Bukhara.

Siwaambii wauza duka wabadilishe vibao vyote kesho. Naomba neno moja tu kwenye karatasi ya bei: Teke, Yomut, Ersari. Na kama limetoka kiwandani kwa mashine, waseme hivyo hivyo, maana hayo nayo yana guli la Kiteke na hakuna mwanamke aliyelikalia hata siku moja.

Tuliporudi nyumbani nikapiga magoti sebuleni kwa shangazi, pale kwenye zulia kuukuu tulilochezea utotoni, miaka yote tunaliita Bukhara la shangazi. Maalmasi, safu kwa safu, yana vikulabu pembeni. Nikamwita aje aone. Akainama, akapitisha kidole kwenye kikulabu kimoja taratibu, akauliza, "Wayomut, umesema?"