Ndoa ni suala moja, kifungo ni jingine

Makala hii kuhusu ndoa za jinsia moja, ninayoichangia maoni hapa, imeeleza vizuri jinsi Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilivyolipatia Bunge mwaka mmoja, kuanzia Desemba 2005, kurekebisha sheria ya ndoa, ikapatikana sheria ya 2006 inayowaruhusu watu wa jinsia moja kuoana. Wachangiaji wengi, hata hivyo, wanabishana kana kwamba swali hilo ndilo lililo mezani hapa Dar es Salaam, ilhali Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inatamka wazi kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, wala sidhani kama itaguswa karibuni.

Kinachotuhusu ni kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha kujamiiana “kinyume cha maumbile”, ikiwemo kati ya wanaume, tulichorithi kwa mkoloni (ajabu ni kwamba wanaokitetea hukiita utamaduni wetu), chenye adhabu isiyopungua miaka 30 jela. Kijana wa Manzese akiporwa simu na watu wanaotishia kumtangaza mtaani kuwa ni shoga, haendi kituoni, kwa kuwa anahofu kwamba kabla ya kupewa RB (namba ya taarifa ya polisi) ataanza kuhojiwa yeye. Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Haikuorodhesha wa kuachwa. Mwaka 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza msako dhidi ya mashoga, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni maoni yake binafsi, lakini kifungu kilibaki palepale. Ningeomba mwandishi arudi na makala inayokichambua hicho.