Chakula cha jioni melini: saa ya kupangiwa au saa ya kujichagulia?

Unapolipia safari ya familia kwenye meli ya kitalii, kuna swali dogo kwenye fomu ambalo wazazi wengi hulijibu harakaharaka, akili ikiwa kwenye bei ya chumba: mtakula chakula cha jioni saa ngapi? Kwa kawaida majibu ni matatu. Kuna awamu ya kwanza, inayoanza kama saa 11:30 au saa 12:00 jioni. Kuna awamu ya pili, inayoanza kama saa 2:00 usiku au baada ya hapo kidogo. Na kuna saa yoyote mnayotaka, alimradi ukumbi uko wazi. Mambo ya bwawa na maonyesho mnaweza kuyaamua mkishapanda. Hili la chakula hujaa mapema, na mkikosea mtalibeba kila jioni.

Utaratibu wa saa ya kupangiwa haukuletwa na adabu za mezani. Ni hesabu ya jikoni. Ukumbi mkuu hautoshi kuwakalisha abiria wote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo nusu hula kwanza, meza hufutwa na kutandikwa upya, kisha nusu ya pili huingia. Onyesho la usiku nalo hupangwa kwa kupishana na chakula, hivi kwamba wakati hawa wako mezani wale wako kwenye viti vya ukumbi wa burudani. Zamani, kwenye meli za kuvuka Atlantiki, mlo ulitangazwa kwa tarumbeta. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Titanic mwaka 1912. Lakini humohumo Titanic, abiria wa daraja la kwanza walikuwa na mgahawa wa pembeni ambako mtu aliagiza na kula kwa wakati wake, jambo ambalo meli ya Kijerumani iitwayo Amerika ilikuwa imelianzisha mwaka 1905. Kujichagulia saa kulianza kama anasa ya wachache. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilikufanya kuwa haki ya kila abiria, ikaachana na meza na saa za kupangiwa. Washindani wakafuata, kila mmoja kwa jina lake, ila wengi wao hawakuthubutu kuufuta utaratibu wa zamani. Waliuacha uendelee sambamba na huu mpya.

Hoja nzito kuliko zote ya wapenzi wa saa huru ni bandari. Chukua safari ya Mediterania. Meli inayotangaza kwamba itafika Roma hutia nanga Civitavecchia, na kutoka hapo hadi mjini ni zaidi ya saa nzima barabarani, kwenda tu. Florence nayo hufikiwa kutoka Livorno, mwendo wa namna hiyohiyo. Familia inayorudi melini saa 11:00 jioni, watoto wana vumbi hadi masikioni na mmoja amelala begani, haiwezi kuoga, kubadilisha nguo na kukaa mezani nusu saa baadaye. Ikijikaza ikaweza, itakula kwa hasira. Kwa ratiba ya aina hiyo, bandari leo, bandari kesho, awamu ya kwanza ni adhabu. Safari za Karibiani ni tofauti kidogo, kwa kuwa mara nyingi huwa na siku nzima za baharini ambapo hakuna pa kukimbilia, na jioni huwa ndefu na tulivu. Kwa hiyo kabla ya kujibu lile swali la fomu, fungua kwanza ratiba ya bandari uone meli inaondoka saa ngapi kila siku. Wengi hawafanyi hivyo.

Hoja ya pili ni watoto wachanga. Mtoto wa mwaka mmoja ana saa zake, na hazijui awamu. Hapo sina ubishi.

Sasa upande wa pili, ambao naona hauelezwi vya kutosha. Saa huru ina foleni, na foleni hiyo ina wakati wake: kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:30 usiku, karibu kila mtu hugundua kwa pamoja kwamba ana njaa. Watu wawili hupata meza upesi. Familia ya watu wanane, pamoja na babu na bibi, husubiri, kwa sababu meza kubwa ni chache na waliokaa hawana haraka. Kampuni nyingi sasa hukuruhusu kuweka nafasi mapema kwa programu ya simu, na hilo husaidia. Lakini ukiweka nafasi ya saa 12:30 kila siku kwa wiki nzima, umejitengenezea saa ya kupangiwa kwa mikono yako mwenyewe.

Kisha kuna mjadala. Saa huru maana yake kila siku, karibu na saa 10:00 alasiri, lazima mtu aulize tule saa ngapi. Kijana yuko kwenye bwawa hataki kutoka. Bibi ana njaa tangu adhuhuri, ila hasemi. Mdogo alikula vibanzi muda si mrefu. Anayelazimika kuwapatanisha, kuandika nafasi, kuwatafuta wanaokosekana na kuwaburuta hadi mlangoni, mara nyingi ni mama, ambaye naye alilipa nauli apumzike. Uhuru wa watu sita ukiwekwa pamoja huwa kazi ya mtu mmoja.

Lakini kitu kikubwa unachopewa na saa ya kupangiwa, kwa maoni yangu, ni mhudumu, na thamani yake haionekani kwenye fomu. Meza ni ileile na watu wa kuihudumia ni walewale kila jioni. Siku ya kwanza wanauliza majina. Siku ya pili juisi ya mtoto iko mezani kabla hajakaa, ndani ya kikombe chenye kifuniko, na chakula chake kinaletwa mapema wakati wakubwa bado wanasoma menyu. Siku ya tatu nyama imeshakatwa vipande vidogo huko huko jikoni na mchuzi umewekwa pembeni, kwa sababu jana yake mhudumu aliona sahani ilivyosukumwa. Mtoto wa miaka mitano aliyegoma kukaa mgahawani huko nyumbani sasa anatembea mbele yenu akiijua njia ya meza yake. Kwa mwenye mzio wa karanga au maziwa, jambo hili linazidi starehe. Msimamizi huleta menyu ya kesho usiku wa leo, mnachagua, jikoni wanaandaa kando. Kwenye saa huru mzio huandikwa pia na huheshimiwa, ila jioni utakayopangiwa mhudumu mgeni itabidi uanze kueleza upya.

Kampuni moja kubwa iliwahi kuupima ugomvi huu hadharani. Mwaka 2014 Royal Caribbean iliizindua Quantum of the Seas bila ukumbi mkuu wa desturi. Badala yake iliweka migahawa minne ya kila abiria, na watu wakaambiwa wajiwekee nafasi jioni hadi jioni. Mpango uliitwa Dynamic Dining. Muda si mrefu kampuni ikaongeza toleo ambalo abiria huzunguka migahawa ileile kwa saa maalumu, wakiwa na wahudumu walewale, na hatimaye mpango wote ukaachwa, awamu mbili za zamani zikarudi. Sidai kwamba hilo linathibitisha saa huru ni mbaya. Norwegian imeendelea nayo miaka yote hii na haijafilisika. Ila linaonyesha kwamba wanaotaka meza yao na mhudumu wao si wazee wachache wenye kukumbuka enzi za tarumbeta.

Disney waliamua kuchanganya. Saa ni ya kupangiwa, mgahawa hubadilika kila jioni, na wahudumu huhama pamoja na familia. Kwenye awamu yao ya pili kuna kitu ambacho wazazi hukipenda mno: mtoto akishakula, wafanyakazi wa klabu ya watoto humfuata ukumbini na kuondoka naye, wazazi wakabaki na kahawa yao. Mahali pasipo na huduma kama hiyo, awamu ya pili kwa watoto wadogo siipendekezi hata kidogo. Mlo wa ukumbini huchukua karibu dakika tisini. Anza saa 2:15 usiku, uone kitakachofika kwanza kati ya kitindamlo na kichwa cha mtoto juu ya kitambaa cha meza.

Nikipima yote, mizani yangu inaelemea awamu ya kwanza kwa familia yenye watoto kati ya miaka mitatu na kumi, isipokuwa ratiba imejaa bandari za mbali. Sababu iliyonisukuma zaidi ni kwamba hasara za pande hizi mbili hazilingani. Mwenye saa ya kupangiwa akichelewa au akichoka, anakwenda zake kwenye bufee au anaagiza chumbani, na hakuna anayemtoza faini. Adabu tu inataka amwambie mhudumu mapema. Mwenye saa huru akitamani mhudumu mmoja anayewajua watoto wake, anaweza kuomba akalishwe sehemu ileile kila jioni, lakini atasubiri zaidi na bado hana uhakika. Familia yenye vijana ni jambo jingine. Hao hula wakati wanaotaka hata ukiwapangia, basi heri saa huru na makubaliano ya jioni mbili tatu za kukaa pamoja. Vilevile, kama mmeshalipia migahawa ya ziada kwa nusu ya jioni zenu, meza ya kudumu mtakayoiacha tupu haina faida.

Kuna jambo la majirani pia. Meza ya kudumu inaweza kuwakalisha na watu msiowajua. Familia ya watu wanne au zaidi mara nyingi hupata meza yake. Ya watatu inaweza kuunganishwa na nyingine. Kwa mtoto wa pekee hiyo huwa bahati, akipata mwenzake wa kuongea naye habari za bwawa.

Awamu ya kwanza ikishajaa, kubali kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, na hakikisha vyumba vya babu na bibi vimeunganishwa na chenu kwenye mfumo, la sivyo mnaweza kupangiwa awamu tofauti bila mtu kujua. Mkipanda na bado hamjapata, msingoje usiku. Mchana wa siku ya kwanza msimamizi mkuu wa ukumbi huwa na saa maalumu ya kupokea maombi ya kubadilisha meza. Saa na mahali huandikwa kwenye ratiba ya siku. Mtu mmoja aende huko, wengine wapeleke watoto bwawani.